Kemu na Nguvu za Injini kwa Kruza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waendeshaji wa Mombasa

Maswali haya ndiyo wenye kruza, yaani pikipiki kubwa za kiti cha chini, wanayoniletea gerejini wiki baada ya wiki. Wengi wana Harley-Davidson za mtumba zilizoshukia Kilindini, na wachache wana Yamaha, Honda au Suzuki za silinda mbili. Nimeanza na ya msingi, kisha tunaingia kwenye yanayoumiza kichwa. Jibu likiwa tayari limetolewa kwingine, nitakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Kemu ni nini hasa?

Kamshafti, au kemu kama tunavyoiita gereji, ni mhimili wenye nundu ndani ya injini. Kemu ikizunguka, nundu huinua tapeti (kikombe kidogo kinachokaa juu ya nundu), tapeti husukuma fimbo, fimbo hubonyeza roka (mkono mdogo unaobembea), na roka hufungua valvu, mlango wa kuingiza hewa au kutoa moshi. Kwa injini ya mipigo minne, kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili kemu huzunguka mara moja. Umbo la ile nundu ndilo linaloamua valvu ifunguke lini, ipande kiasi gani na ijifunge lini. Ukibadilisha kemu umebadilisha pumzi ya injini, lakini cc zake, yaani ujazo wa silinda, zimebaki zilezile.

Idadi hutofautiana. Harley za Evolution, zilizoanza 1984, zina kemu moja. Twin Cam zilizoingia na modeli za 1999 zina mbili, na hapo ndipo jina lilipotoka. Milwaukee-Eight za kuanzia modeli ya 2017 zimerudi kwenye moja, ila kila silinda ina valvu nne. Sportster za kupozwa kwa hewa zina nne, kila valvu na kemu yake. Kruza nyingi za Kijapani hubeba kemu juu, ndani ya hedi (kichwa cha silinda), na huzungushwa kwa cheni.

Je, kemu peke yake itaniongezea nguvu?

Itaongeza mahali fulani na kupunguza mahali pengine. Hakuna kemu inayotoa kila kitu kila mahali. Kemu ikiifanya injini ivute vizuri kwenye mizunguko 2,500, kuna kitu imekiacha kwenye 5,500. Swali la kujiuliza ni hili: mkono wako wa mafuta unakaa wapi siku nyingi? Kruza kubwa yenye gia sita ikienda kilomita 100 kwa saa, injini huzunguka karibu mara 2,300 hadi 2,500 kwa dakika. Mjini, kati ya Makupa na Nyali, mara nyingi uko chini ya 3,000. Hapo ndipo unapoishi, na hapo ndipo pesa yako inapaswa kwenda.

Kuna tofauti gani kati ya toki na nguvu za farasi?

Toki ni ule msokoto unaokusukuma mgongoni unapofungua mafuta. Nguvu ni toki ikizidishwa na kasi ya mizunguko. Ukiwa na toki kwa nyutoni mita, zidisha na mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549, utapata kilowati. Ndiyo maana kemu inayotangazwa kwa tarakimu kubwa ya farasi mara nyingi imeipata tarakimu hiyo huko juu, ambako mwenye kruza hafiki. Omba mchoro mzima wa daino, mashine ya kupima nguvu, uangalie mstari kati ya 2,000 na 4,000.

Steji 1, 2, 3 na 4 ni nini?

Ni majina ya Harley ambayo sasa kila mtu anayatumia. Steji 1 ni chujio la hewa lililo wazi zaidi, ekzosi, na kurekebisha mafuta. Steji 2 inaongeza kemu. Steji 3 inaongeza pistoni na silinda kubwa. Steji 4 inaingia kwenye hedi na mdomo wa hewa. Usiruke ngazi. Kemu nzuri ikifungwa nyuma ya chujio na ekzosi za kiwanda ni sawa na mtu anayekimbia huku ameziba pua.

## Kuchagua kemu

Karatasi ya kemu ina tarakimu nyingi. Nisome ipi kwanza?

Soma pale valvu ya inleti, yaani ya kuingiza hewa, inapofungwa. Huandikwa kwa digrii baada ya pistoni kufika chini kabisa. Wauzaji wengi watakutajia mwinuko, yaani valvu inapanda kiasi gani, kwanza kwa sababu ni rahisi kujivunia, lakini tarakimu hii ya kufungwa ndiyo inayoamua tabia ya injini.

Ukifikiria kidogo utaona kwa nini. Pistoni ikianza kupanda na valvu ya inleti bado iko wazi, kwa mwendo wa polepole sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia hurudishwa nje. Mgandamizo halisi hauanzi mpaka valvu ifungwe. Kemu inayofunga mapema, tuseme digrii 25 hadi 35, hushika hewa yote hiyo na kuigandamiza, na pikipiki huvuta tangu chini. Kemu inayofunga kwenye 45 au zaidi hupoteza chini. Kwa mizunguko ya juu, hewa huwa na kasi kiasi kwamba huendelea kuingia hata pistoni ikipanda, na hapo ndipo hiyo kemu ya pili inapoamka.

Kwa hiyo kemu inayofunga kwa kuchelewa inahitaji injini yenye uwiano mkubwa wa mgandamizo (hewa inabanwa mara ngapi), ifidie kile inachokipoteza chini. Twin Cam 88 (tarakimu ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo) ya kiwanda ina uwiano wa karibu 9 kwa 1. Ukiifunga kemu ya kuchelewa bila kugusa kitu kingine, utaondoka gereji na pikipiki nzito kuliko uliyokuja nayo. Nimeiona mara nyingi, na mwenye pikipiki hulaumu kabureta.

Baada ya hapo ndipo usome mwinuko, muda valvu inaokaa wazi, na mpishano, yaani kipindi kifupi ambapo inleti na ekzosi zote zimefunguka. Mpishano mkubwa hutoa ule mngurumo wa kudundadunda ambao watu wanaupenda. Pia hunywa mafuta zaidi na kufanya injini isitulie ikiunguruma papo hapo.

Kemu gani inifae kwa Mombasa?

Ukiendesha mjini, ukivuka Likoni kazini na kurudi, na mara moja moja Diani: chukua inayofunga inleti mapema, yenye mpishano mdogo. Ukibeba abiria na mizigo kwenda Malindi au kupanda Nairobi, kaa kati, digrii 35 hadi 40 hivi, na hakikisha uwiano wa mgandamizo unafika 9.5 au zaidi. Twin Cam 103 yenye 9.6 na Milwaukee-Eight 107 yenye 10 tayari ziko hapo.

Ya kuchelewa sana sikushauri, hata ukiwa na pesa. Barabara zetu za pwani zina tuta kila kituo cha biashara, na kwenye tuta unatoka kwa gia ya pili mizunguko ikiwa 1,800.

Mwinuko mkubwa una ubaya gani?

Springi za valvu zina mpaka. Valvu ikipanda kupita mpaka huo, springi hujibana hadi koili zake zikagusana, na kitu lazima kivunjike. Kwa Twin Cam za mwanzo, mafundi huchukua inchi 0.510, yaani karibu milimita 13, kuwa kikomo cha springi za kiwanda. Za kuanzia 2005 zina springi zinazovumilia zaidi. Ukipita mpaka, ongeza bei ya springi, na upime nafasi kati ya valvu na pistoni.

Kemu za Twin Cam zote zinaingiliana?

Hapana, na hapa watu wengi wameunguza pesa. Za 1999 hadi 2006 ni kundi moja. Za 2007 na kuendelea, pamoja na Dyna ya 2006, ni kundi lingine. Mimi mwenyewe niliwahi kununua jozi nikiambiwa na muuzaji kwamba zinaingia kwenye Twin Cam yoyote. Zilikaa rafuni miezi minne kabla ya kupata mwenye injini yake. Tangu siku hiyo sinunui kemu bila namba ya kipuri mkononi.

## Joto, usawa wa bahari na safari ya Nairobi

Kwa nini pikipiki iliyotyuniwa Nairobi inasumbua ikishuka hapa?

Nairobi iko juu ya mita 1,600 na hewa yake ni nyepesi. Msukumo wa hewa kule ni pungufu kwa asilimia 15 hadi 20 ukilinganisha na pwani. Fundi wa kule akiipa kabureta jeti (vitundu vya kupitishia mafuta) zinazolingana na hewa ile, ni sahihi kwa kule. Ukifika Mombasa hewa imekuwa nzito, jeti ni zilezile, na mchanganyiko umekuwa hafifu: hewa nyingi, mafuta machache. Injini inachemka, inapasuka kwenye ekzosi ukifunga mafuta, na ukiipa mzigo inaanza kugonga, yaani mchanganyiko unalipuka ovyo ndani ya silinda.

Nilipokea moja iliyoteremka kwa safari ya wikendi, plagi ya silinda ya nyuma ikiwa nyeupe kama chokaa. Nyeupe hiyo ni onyo. Tulibadilisha jeti, ikatulia, lakini ingeendelea hadi Lunga Lunga na kurudi, pistoni ingetoboka.

Harley zenye injeksheni (kompyuta ndiyo inayopima mafuta badala ya kabureta), na kuanzia 2007 ni zote, husoma msukumo wa hewa na kurekebisha mafuta zenyewe. Hata hivyo kuna jambo ambalo kompyuta haikufichulii: ukijenga injini ya mgandamizo mkubwa na kuijaribu Nairobi tu, haijawahi kuonja silinda iliyojaa kikamilifu. Itagonga mara ya kwanza hapa kwetu, kwenye joto la Februari. Kama makao yako ni pwani, tyuni pwani.

Na ya Mombasa ikipanda Nairobi?

Hatari ni ndogo. Itakuwa na mafuta mengi kuliko hewa, itanywa zaidi, itakuwa mvivu, na plagi zitapata masizi. Kwa safari ya siku tatu usiguse kitu.

Kemu kubwa itachemsha injini kwenye foleni?

Kemu yenyewe haitoi joto la ajabu. Shida ni kwamba kemu yenye mpishano mkubwa hailali vizuri ikiunguruma, kwa hiyo fundi huipandisha mizunguko ya kusimama, na injini inayopozwa kwa hewa ikisimama haina upepo. Silinda ya nyuma ndiyo inayoteseka, maana imejificha nyuma ya mwenzake. Kwenye foleni ya feri ya Likoni, zima. Ukishapakia, usiwashe hadi mlango ushuke. Tumia oili ya 20W-50 na uibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema, hasa wakati wa kaskazi.

Nitumie petroli gani?

Kwanza uelewe tarakimu za okteni, yaani uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kugonga. Kitabu cha Marekani kikiandika okteni 91, hicho ni kipimo chao cha wastani wa njia mbili. Kwa kipimo cha RON, kinachotumika huku kwetu na Ulaya, hiyo 91 ni kama 95 au 96. Watu wanasoma 91 kitabuni, wanaona 91 au 93 ya RON mahali, wanafurahi kwamba wamezidisha. Hawajafika.

Injini ya kiwanda ya 9 kwa 1 haitakusumbua kwa super ya kawaida. Ukishapandisha mgandamizo, nunua ya daraja la juu kwenye vituo vinavyoiuza, na usiguse petroli ya chupa ya kando ya barabara. Mafuta ya taa yakichanganywa ndani hushusha okteni, na injini ya Steji 3 haina msamaha.

## Pistoni, silinda na vingine

Bora kemu au cc zaidi?

Kwa Sportster 883, cc, bila kusitasita. Ile 883 na ile 1200 zina mwendo uleule wa pistoni, milimita 96.8. Tofauti ni kipenyo cha silinda, 76.2 dhidi ya 88.9. Ukibadilisha silinda na pistoni umepata 1200 kamili, na toki inaongezeka kila mahali, jambo ambalo kemu haiwezi. Angalizo: hedi za 883 zina chumba kidogo cha kuunguzia, kwa hiyo chagua pistoni zenye shimo juu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, la sivyo mgandamizo utaruka kupita petroli yetu.

Kwa injini ambayo tayari ni kubwa, kemu ni hatua ya busara kwanza.

Nitajuaje mgandamizo umezidi?

Pima kwa geji, injini ikiwa na joto, mkono wa mafuta wazi kabisa. Karibu psi 180 ni pazuri kwa petroli ya kituoni. Ukipita 190 anza kuwa makini na taimingi, yaani wakati wa cheche. Kwenye 200 stata itaanza kulia asubuhi, na utahitaji valvu ndogo za kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha. Kumbuka kwamba kipimo hiki hubadilika na kemu, kwa sababu nilizoeleza kwenye swali la kusoma karatasi.

Nina Yamaha au Honda ya Kijapani. Mbona hamnizungumzii?

Kwa sababu soko la kemu zake ni dogo, na mara nyingi hutapata faida ya gharama. Ninachokuomba ni kurudisha afya yake kwanza. Safisha kabureta, linganisha zote mbili zivute sawa, rekebisha nafasi ya valvu, badilisha plagi na mpira wa hewa uliopasuka. DragStar 650 iliyokaa miaka kumi bila kuangaliwa valvu hurudisha nguvu ambayo mwenyewe alishasahau. Usiende kwa mchonga kemu ukitaka nundu zisagwe upya, isipokuwa ameshafanya kemu ya pikipiki kama yako na una ya akiba.

Ekzosi zilizo wazi kabisa zinaongeza nguvu?

Zinaongeza kelele. Bomba tupu lisilo na kizuizi hupoteza toki ya chini, hasa kwa kemu yenye mpishano, kwa sababu mawimbi ya hewa hurudi vibaya. Mfumo wa mabomba mawili yanayoungana kuwa moja ndio unaovuta vizuri kwa kruza. Pia kuna kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za 2009 kuhusu kelele na mitetemo. Na jirani yako ana mtoto mchanga.

## Kazi yenyewe

Fundi wangu wa bodaboda anaweza kufunga kemu?

Mikono yake inaweza kuwa mizuri kuliko yangu. Swali ni vifaa. Kazi hii inahitaji spana ya kupimia toki, kifaa cha kuchomolea beringi, maikromita, na kitabu cha injini yako, si cha ndugu yake. Kama anavyo na yuko tayari kusoma, mpe. Kama atakaza kwa kukisia, mwambie asante.

Wakati kumefunguliwa, nibadilishe nini kingine?

Beringi za ndani za kemu, bila mjadala. Ni za bei ndogo, na zikivunjika zinapeleka vipande kwenye oili. Tapeti zikiwa na kilomita nyingi, nazo pia. Gasketi zote mpya.

Kwa Twin Cam za 1999 hadi 2006 kuna jambo kubwa zaidi: viatu vya kukaza cheni ya kemu. Vinasukumwa na springi kali, plastiki yake inalika taratibu, na vipande vinaingia kwenye pampu ya oili. Kuanzia Dyna ya 2006, kisha zote za 2007, Harley walihamia kwenye vya kusukumwa na oili. Ukinunua ya zamani ya mtumba na hakuna karatasi ya matengenezo, fungua uviangalie hata kama huna mpango wa kemu. Watu wamepoteza injini nzima kwa kiatu kimoja.

Fimbo zinazorekebishika zina faida?

Zinaokoa kazi ya kuvua tangi na vifuniko vya roka. Fimbo za zamani hukatwa, kemu hufungwa, mpya huingizwa na kurefushwa. Lakini ukimaliza kurekebisha silinda moja, subiri. Tapeti za oili zinahitaji muda wa kushuka, dakika kumi hadi ishirini, hata zaidi zikiwa mpya. Fimbo zizunguke kwa vidole ndipo uizungushe injini. Ukiharakisha, valvu inabaki wazi, pistoni inaigonga, na umepinda valvu kabla hata ya kuwasha.

Gia badala ya cheni kuendesha kemu?

Inawezekana, na haina viatu vya kulika. Lakini kranki lazima iwe imenyooka: mtikisiko usizidi inchi 0.003. Pima kwanza, ndipo ununue.

## Pesa na sheria

Gharama ikoje?

Bei hubadilika na dola, kwa hiyo sitaandika tarakimu itakayokudanganya kesho. Panga hivi: bei ya kemu ni sehemu tu. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za bandarini, beringi, gasketi, fimbo, oili, kazi ya fundi na kutyuni. Mtu aliyeweka pesa ya kemu tu huishia na injini wazi mezani, chumvi ya bahari ikiingia.

Nimjulishe nani?

Bima, kwanza. Mabadiliko ya injini usiyoyataja yanaweza kukunyima fidia. Ukibadilisha bloku ya injini yenye namba, au cc kama ile ya 883 kwenda 1200, nenda NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili kitabu cha pikipiki kilingane na ulichopanda.

## Hali za pekee

Injini ina kilomita 90,000. Nifunge kemu?

Pima mgandamizo na uvujaji wa silinda kwanza. Zikiwa sawa kati ya mbele na nyuma, na haili oili, funga ya upole. Zikitofautiana sana, pesa ya kemu ipeleke kwenye kuribo (kuchonga upya) silinda na ringi mpya. Kemu mpya juu ya silinda iliyochoka haitakupa kitu.

Baada ya kufunga nasikia tiktiki juu. Ni kawaida?

Dakika chache za kwanza, ndiyo, tapeti zinajaa oili. Ikiendelea injini ikiwa na joto, zima na uangalie urefu wa fimbo. Kemu nyingi zisizo za kiwanda hufunga valvu kwa kasi zaidi na zina sauti kidogo, lakini sauti ya silinda moja tu si tabia ya kemu.

Pikipiki hukaa ufukweni wiki nyingi bila kuendeshwa. Kemu inadhurika?

Inadhurika. Unyevu huingia kupitia ekzosi na valvu iliyobaki wazi. Kuiungurumisha dakika mbili kila Jumamosi ni vibaya zaidi, kwa sababu maji yanajikusanya ndani na hayapati joto la kukauka. Endesha nusu saa, hata hadi Mtwapa na kurudi, au iache kabisa ukiwa umeweka oili mpya na kuziba mabomba.

Nikitaka kurudisha ya kiwanda baadaye?

Ndiyo maana huwa nampa mwenye pikipiki vipuri vyake vya zamani. Zipake kemu grisi, zifunge kwa kitambaa kilicholowa oili, uziweke ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na dirisha la upande wa bahari. Ziangalie kila baada ya miezi michache, maana nundu ikishaota kutu haifai kurudishwa chini ya tapeti.